Siku Niliyoifuta Shahada ya Mwani Mbele ya Wenyewe

Aibu yangu naijua, na kabla hamjaanza kunicheka nakwambieni wazi kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu, silikatai, lakini hasira niliyonayo mpaka leo hii si ya kosa tu, ni ya vile nilivyoachwa peke yangu mbele ya ukumbi mzima wa watu wa Jambiani nikaumbuka mchana kweupe, na aliyeniingiza humo yuko zake ofisini Mji Mkongwe na kikombe chake cha kahawa, miguu kaikunja, hana habari.

Kazi yangu ni kuratibu shahada za chuo. Kila mwaka, kabla wanafunzi wapya hawajaanza kuomba, ofisi yetu inatoa orodha: shahada ipi iendelee, ipi ibadilishwe, ipi isimamishwe, ipi mpya ifunguliwe. Watu wanadhani ni makaratasi tu (hata mume wangu huniambia "nyinyi kazi yenu kupanga majina"), lakini ukiandika neno "isimamishwe" kwenye mstari mmoja kuna mwalimu anayebaki hana wa kumfundisha, na kuna msichana mahali fulani anasubiri matokeo yake ya Kidato cha Sita na njia yake nshaifunga na wala hajui.

Bosi wangu ni Dokta Suweid, mkurugenzi wa mipango ya masomo. Mtanashati, kanzu yake ya Ijumaa haina hata kunyanzi moja, na maneno yake vivyo hivyo yamepigwa pasi. Mwaka ule alirudi kwenye mkutano fulani na neno jipya, tija. Kila kitu tija. Ukimwambia printa imeharibika anakuuliza ilikuwa na tija gani.

"Rahma!" akaniita siku moja.

"Naam, Dokta."

"Hii orodha ndefu mno, utadhani duka la mitumba. Kila shahada ioneshe tija. Nitafutie za kupunguza, naitaka kesho, Alkhamisi seneti inakaa."

Utaratibu ni kwamba nikishatoa idadi ya wanafunzi kwenye kompyuta, nampigia kila mkuu wa idara anihakikishie. Niliwapigia wote, wallahi wote, isipokuwa mmoja. Dokta Mwanaidi wa sayansi za bahari ukimpigia simu huwezi kuikata, ataanza na hali yako, aje kwa mama yako, aingie kwenye joto la maji ya bahari, vipi mwani unakufa pwani kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa kama chai, vipi wanafunzi wake wanajifunza kuuotesha kwenye maji makubwa, na weye umeshika simu sikio linaungua. Siku ile adhuhuri ilikuwa inakaribia, nna njaa, nna orodha ya kumaliza, nikasema ah, huyu namuacha, idadi si imo kwenye kompyuta?

Hapo ndipo nilipojimaliza. Simu moja tu.

Kwa sababu lile nisilolijua (na ningelijua kwa dakika mbili za Dokta Mwanaidi, tena zile za mwanzo) ni kwamba shahada yake ya kilimo cha mwani ilikuwa imepewa namba mpya mwaka huo, na wanafunzi wote wamehamishiwa huko. Mie nikaitafuta kwa namba ya zamani. Kompyuta ikanionesha majina manne, ya watu waliokuwa wamesitisha masomo hata chuoni hawafiki. Nikaandika: wanafunzi wanne. Sikujiuliza. Shahada nzima, walimu watano, wanafunzi wanne, na mie mtu mwenye akili zangu nikaona sawa.

Nikampelekea Dokta Suweid. Akaangalia, akacheka.

"Wanne! Hao teksi moja inawatosha. Isimamishe hiyo. Na hapo kwenye maoni andika, bibi zetu wanalima mwani miaka yote bila digrii, digrii ya nini?"

Nikacheka na mimi. Nikaandika. Nataka mlijue hilo, nilicheka, na vidole vilivyoandika ni hivi.

Baadaye nikatengeneza jedwali jengine safi la kupeleka seneti, pale kwenye maoni nikaweka "mahitaji ni madogo", maneno ya heshima. Lile la kwanza sikulifuta. Majina ya mafaili mawili yale yalitofautiana herufi moja.

Seneti ikapitisha. Dokta Mwanaidi hakuwepo, alikuwa Jambiani ndani ya maji na wanafunzi wake, na kijana aliyemwakilisha alikuwa na wiki mbili kazini, hakufungua mdomo. Haikupita muda tukapata barua: wakulima wa mwani wa Jambiani, ambao ndio waliokiomba chuo hapo zamani kianzishe shahada ile, wanataka watu wa chuo waende wakawaeleze kwa nini inafungwa. Dokta Suweid akasema tutakwenda pamoja. Asubuhi ya safari, gari inanguruma, akanipigia.

"Mie nimepata mgeni. Nenda weye. Robo saa tu, waoneshe jedwali, washukuru, urudi."

Mgeni! Nilikuja kujua baadaye hapakuwa na mgeni wala kivuli cha mgeni. Alishasikia kwamba kule watu wamekasirika.

Nikafika ukumbi wa skuli, umejaa. Mbele wamekaa kina mama watu wazima, mikono yao imechanika kwa chumvi na kamba, nyuma na kwenye madirisha kumejaa vijana, wasichana wengi, nikadhani ni watu wa kijijini wamekuja kutazama mambo. Dokta Mwanaidi amekaa pembeni kimya kabisa, na mtu yule kukaa kimya kungetosha kunishtua, lakini nilikuwa nahangaika na waya wa projekta. Mama mmoja wa safu ya mbele, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Bi Miza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tueleze, tunakusikiliza."

Nikaanza. Nikasema chuo kinawathamini, nikasema tija (ndiyo, na mimi nikalisema), nikasema shahada hii masikini haikupata watu, inao wanafunzi wanne tu, na chuo hakiwezi kuendesha shahada kwa watu wanne. Nikasikia minong'ono. Nikaendelea, sauti nikaipandisha, nikadhani wananong'ona kwa huzuni. Halafu nikaona wasichana wa madirishani hawanitazami mie, wanatazama ukuta nyuma yangu, na mmoja kaweka mkono mdomoni.

Bi Miza akageuka. "Asya, mwanangu, miwani yangu hainisaidii. Pale pa mwisho pameandikwaje?"

Msichana aliyekaa nyuma yake akasimama. Akasoma polepole, kila neno peke yake, kama anasoma tangazo la msiba. "Bibi zetu wanalima mwani miaka yote bila digrii, digrii ya nini."

Nilikuwa nimefungua faili silo, lile la kwanza.

Jamaa, kina mama wote wakageuka kunitazama mie. Nikarukia kompyuta kulifunga, badala ya kulifunga nikalikuza, maneno yakajaa ukuta mzima, kila herufi kama kichwa cha mtu. Nikavuta waya, meza ikayumba, chupa ya maji ikamwagikia karatasi zangu. Kumbe waya si wenyewe, picha ikabaki pale pale ukutani. Mwalimu wa skuli ndiye aliyekuja kuizima, na akaizima kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenitukana.

Bi Miza hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Haya maneno umeyaandika weye?"

"Ndiyo, bibi, lakini..."

"Nimekuuliza umeyaandika weye."

"Ndiyo."

"Mie nalima mwani tangu huyu hajazaliwa," akamshika Asya mkono. "Bila digrii, kweli. Na miaka hii unakufa mikononi mwangu, naufunga leo kesho umekuwa mweupe, na mie sijui kwa nini kwa sababu sina hiyo digrii. Huyu anajua. Huyu ndiye aliyetutoa tukapande kule kwenye maji makubwa, akatufundisha na kuogelea, watu wazima na meno yetu yameshang'oka. Na weye unasema wako wanne?"

"Bibi, kwenye kompyuta..."

"Wanafunzi wa mwani, simameni."

Wakasimama. Nyuma nzima ikasimama, na madirishani kote, wale wote niliowadhani wamekuja kutazama mambo. Dokta Mwanaidi ananitazama tu.

"Weye umesoma, mwanangu, si ndiyo? Haya, shuka uwahesabu."

Nikadhani masihara. Hayakuwa masihara. Nikashuka kwenye lile jukwaa, viatu vyangu vya ofisini vinagonga sakafu, nikaanza kuhesabu kwa macho, Bi Miza akasema, "Kwa sauti, na sisi tusikie." Nikahesabu kwa sauti, mwanamke mzima, mratibu wa shahada za chuo, napita baina ya viti, mmoja, wawili, watatu, na kila ninayemfikia ananitajia jina lake bila kuulizwa, na nilipofika wanne kina mama wa mbele wakasema pamoja, "Haya, bado?" na nikaendelea. Nilimaliza kwa Asya, thelathini na saba, machozi yananitoka na sina hata leso.

Nikaomba radhi. Nikasema idadi ni kosa langu, maneno nimeyaandika mimi, na nitarudi seneti kuyasema haya haya. Sikumtaja Dokta Suweid. Sijui kwa nini, labda kwa sababu pale ukumbini ingekuwa kama najificha nyuma ya kanzu yake. Bi Miza akaniambia, "Nenda. Ukishayasema utuletee jawabu weye mwenyewe, si barua." Hakuna aliyenisindikiza mpaka kwenye gari.

Nikampigia Dokta Suweid pale pale barabarani. Nikamweleza yote. Akasema kwa ile sauti yake ya pasi:

"Jedwali limetoka ofisini kwako, Rahma. Saini yako. Mie nilikuwepo?"

Mie nilikuwepo! Basi damu ilinichemka. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nagombana naye peke yangu, dereva akazima redio mwenyewe.

Kikao cha seneti kilichofuata niliomba nafasi ya kusema. Dokta Suweid akaniwahi, akasimama akasema kumetokea "hitilafu ndogo ya takwimu katika ofisi ya mratibu" na kwamba yeye anapendekeza irekebishwe. Ndogo! Nikasimama na mimi, sikusubiri kupewa ruhusa. Nikasema idadi niliikosea mimi, kwa uvivu wa simu moja, na chuo kinipe adhabu inayonistahiki. Lakini kuisimamisha shahada alisema yeye kabla hata hajauliza kama idadi imehakikiwa, na yale maneno ya bibi zetu yalitoka kinywani mwake, mie niliyaandika na kuyacheka, kwa hivyo yana wenyewe wawili, na mmoja kati yao amekaa pale. Mwenyekiti akakohoa. Profesa mmoja akawa anatafuta kitu chini ya meza ambacho mpaka leo hajakipata. Dokta Suweid akatabasamu, akafuta miwani.

Shahada ikarudishwa siku ile ile, kura zote. Nikaenda Jambiani kama nilivyoahidi, nikawakuta kina mama wanatoka majini, nikawapa jawabu nimesimama kwenye matope na kanga yangu imerowa mpaka magotini. Bi Miza akasema "vizuri", akapita na gunia lake. Vizuri tu. Asya ndiye aliyenipa mkono.

Mie nikapata barua ya onyo, imo kwenye faili langu. Na Dokta Suweid mnajua alipata nini? Alipata picha. Kwenye jarida la chuo, ukurasa wa mbele, kasimama ufukweni kashika kitita cha mwani kama kaupanda yeye, na chini wameandika namna mkurugenzi anavyoitetea elimu ya wakulima wetu. Nililichana lile jarida vipande, nikaokota vipande, nikavichana tena.

Watu wananiambia Rahma yamepita, sahau. Sisahau. Nimekula kiapo kwamba sitaandika tena idadi ya watu ambao sikuwaona kwa macho yangu, hata kama mkuu wa idara ataniweka kwenye simu mpaka alasiri ananiuliza hali ya mama yangu. Na mwaka huu Dokta Suweid ameniletea orodha nyengine, anataka tuiondoe shahada ya ualimu wa viziwi, eti haina tija. Nikamwambia sawa, Dokta, ondoka hapo kwenye kiti, twende sote darasani, mimi na weye, ukawatazame usoni mmoja mmoja kwanza. Akasema ana mgeni. Nikamwambia basi tutamngoja mgeni wako aondoke. Wiki ya tatu hii, hasemi na mie, na orodha yake iko mezani kwangu haina saini, na wallahi haitoipata.