Maneno Yaliyoganda Juu ya Chungu

Ufuoma Edjere aliuza usi katika soko la Igbudu, mjini Warri, na ukitaka akunyime mchuzi, mwambie kwamba maana ya neno haina kazi.

Usi ni unga wa muhogo unaosongwa na mawese mpaka unakuwa wa manjano na kunata vidoleni. Aliusonga kila siku tangu alipotolewa shule kidato cha pili, na sasa alikuwa na miaka arobaini na minane. Wateja walioingia mara ya kwanza walishangazwa na kuta za kibanda chake. Zilijaa vikaratasi, kila kimoja na neno la Kiingereza na maana yake chini, tena si Kiingereza cha kuombea kazi. Zax, kifaa cha kukatia mawe ya kuezekea. Ai, mnyama mvivu anayening'inia mtini. Oe, kimbunga cha visiwa fulani vya kaskazini.

Hata Waingereza wenyewe wengi hawayajui. Maneno hayo yanaishi kwenye kamusi na kwenye Skrabo, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni, na mjini Warri huo si mchezo wa kusubiria chakula kiive. Jimbo hupeleka timu kwenye tamasha la taifa, pamoja na wakimbiaji na wanamieleka, wamevaa suti za michezo zenye jina la jimbo, Delta, mgongoni. Ufuoma aliitaka suti hiyo kuliko kitu chochote. Sokoni walimwita Mama Usi na kumsomea risiti bila kuombwa, wakidhani hajui kusoma. Alikuwa amechoka.

Mwaka uliopita aliikosa kwa kosa la ajabu. Mpinzani wake aliweka neno lenye maana ya harufu ya udongo mkavu ukipigwa na mvua, na Ufuoma badala ya kutafuta la kujibu akakumbuka shamba la muhogo la baba yake. Akakaa huko shambani huku saa ikimla. Alizidisha dakika moja, akakatwa pointi kumi, akashindwa kwa sita.

"Maana ndiyo inayokuua," Oga Akpobome, yaani bosi Akpobome, kocha wa klabu yao ya Skrabo na mwalimu mstaafu aliyecheza mchezo huo miaka ishirini, alimwambia. "Vijana wanakariri herufi tu, maneno elfu arobaini. Wewe una elfu tisa na unayabembeleza kama wajukuu."

"Siwezi kutia mdomoni kitu nisichokijua, Oga."

"Mdomoni hayaingii. Yanawekwa ubaoni, unabonyeza saa, basi."

Ilibaki nafasi moja tu kwenye timu, na mchujo ulikuwa baada ya wiki sita. Ufuoma alikubali shingo upande. Kocha alikuja kibandani mwenyewe, akabandua vikaratasi na kuvitia kwenye mfuko wa nailoni, akamwachia orodha ndefu za herufi zisizo na maelezo. Vichache tu vilimshinda, vile vya juu ya jiko. Mvuke wa mawese ulikuwa umevigandisha ukutani, ukivivuta vinachanika.

"Hivyo viache," Ufuoma alisema. "Ni vya vyakula tu."

Wiki sita alikariri kama kasuku. Aliongeza kasi kweli, akawashinda watu waliokuwa wakimshinda, na kwa mara ya kwanza mchezo ukamchosha. Alirudi nyumbani kichwa kimejaa na yeye mwenyewe hana cha kumsimulia mtu. Mimi kocha huyo ningemrushia mwiko, lakini Ufuoma ana subira.

Siku ya mchujo alifika mpaka mchezo wa mwisho. Aliyebaki naye alikuwa Tobore, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa akila kwake kila Ijumaa.

"Mama Usi, leo umeacha chungu na nani? Usi utaungua."

"Ukiungua nitakulisha wewe. Una meno ya bure."

Watu walicheka, saa ikabonyezwa. Walikwenda bega kwa bega hadi mfuko wa herufi ukaisha. Tobore aliongoza kwa pointi kumi na nne na alibakiza herufi moja. Zamu ilikuwa ya Ufuoma. Mbele yake zilibaki herufi nne, U, G, L na I, na ubaoni palikuwa na A iliyokaa wazi karibu na mraba mwekundu unaozidisha neno mara tatu.

Alipekua orodha za kocha kichwani. Hakuna kitu. Alipekua tena, sekunde zikiyoyoma. Akaona suti inaondoka mara ya pili. Basi akaachana na orodha, akafanya anachofanya kila asubuhi, akatazama kwa mawazo juu ya chungu chake, kwenye vile vikaratasi vilivyoganda.

Akaziweka herufi zote nne kuizunguka ile A. Ugali. Pointi kumi na nane. Akabonyeza saa.

Tobore alikodoa macho. Neno likisimama, amekwisha, kwa hiyo akainua mkono kulipinga. Wote wawili waliinuka na kwenda kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, kama sheria inavyotaka. Ufuoma aliandika kwa kidole kimoja. Tobore akabonyeza.

Kioo kikawa kijani, neno limekubaliwa.

"Mama, hilo umelitoa wapi?" Tobore aliuliza.

"Jikoni."

"Ni kitu gani lakini?"

"Unga wa mahindi uliosongwa. Watu wa Afrika Mashariki wanaumega kwa vidole, wanachovya kwenye mchuzi. Binamu yake usi."

"Kumbe nimepigwa na chakula," Tobore alisema, akampa mkono. Ufuoma aliushika, kisha akakaa chini akalia, na hakuona haya.

Jumatatu Oga Akpobome alifika kibandani akiwa na suti ya kijani kwenye karatasi yake na, chini ya kwapa, ule mfuko wa nailoni. Hakuomba radhi, maana walimu wastaafu hawajui njia yake. Alivuta kiti, akapanda, akaanza kubandika vikaratasi ukutani kimoja kimoja. Ufuoma akaendelea kusonga.

Katikati ya kazi mzee akasita, akashika kimoja mkononi.

"Cwm," alisema. "Kwa hili nimeshinda michezo miaka ishirini. Sikuwahi kusoma huku chini."

"Soma basi."

Akavaa miwani. "Bonde la mviringo ubavuni mwa mlima, mfano wa bakuli." Akalisoma tena. "Kumbe ni mahali."

"Ni mahali, Oga. Shuka ule, kisha nikuambie mengine."