Siku Nne za Kukausha Uzi

Wanaosifia utani wa misibani wangenyamaza kama wangeona mtu kavaa koti la marehemu baba yao. Mimi nimeona. Ilikuwa Kinampanda, nyumbani kwetu, siku ya kuanua matanga. Aliyelivaa ni mzee mmoja, mtani wa ukoo wetu, ambaye kwa desturi anaruhusiwa kusema lolote na kuchukua chochote mpaka kikombolewe kwa hela, na mfiwa anatakiwa acheke. Ukikasirika umewaaibisha ndugu zako. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Nianze na uzi, maana ndio uliosababisha yote.

Chuoni nilikuwa natengeneza nyuzi za grafini. Grafini ni kaboni, ndugu ya ile iliyomo kwenye penseli, ila imechambuliwa mpaka likabaki tabaka moja jembamba kupita kiasi. Unachukua tope lake jeusi, zito kama uji wa ulezi, unalisukuma kwa bomba la sindano ndani ya beseni lenye maji ya chumvi maalumu, nalo linaganda kuwa uzi. Kazi inaanzia hapo. Uzi lazima ukauke huku umevutwa, unaukaza kidogo, unasubiri, unaukaza tena, ili vipande vyote vilale upande mmoja. Ukiuacha ulegee unajikunja, unakatika ovyo, na hata umeme haupiti vizuri. Mwisho unautia dawa ya kuondoa oksijeni, unapata kitu chembamba kama unywele, kigumu kukatika, kinachopitisha umeme.

Zangu zilikatika miezi na miezi. Mkuu wa maabara akaniambia wazi: nipeleke uzi mmoja mzima kwenye mashine ya vipimo, au nafasi yangu apewe mwingine.

Uzi wa kwanza wa maana ulikuwa umetundikwa, bado unatoka maji, simu ilipoita. Alikuwa baba. Walikuwa wamemruhusu kutoka hospitali, yuko nyumbani kitandani.

"Mama, njoo unione," aliniambia. Aliniita hivyo tangu utoto.

"Baba, uzi wangu bado mbichi. Nipe siku nne."

"Haya, mama. Ukikauka, uje."

Kijiji kizima alikuwa amekiambia kwamba mimi ni fundi cherehani huko mjini. Sikuwahi kumweleza vizuri. Niliona uvivu, basi. Na mwenzangu wa maabara alijitolea anishikie zamu ya kukaza, mtu makini kabisa, nikamkatalia. Nilijiona mimi tu ndiye ninayejua. Jinga kubwa!

Baba alifariki siku ya tatu. Nilipopata habari, nilimaliza kwanza kuukaza uzi, ndipo nikakaa chini nikalia. Kesho yake uzi ulikuwa tayari. Nikauzungushia kwenye kibao, nikautia kwenye kopo la plastiki, nikapanda nao basi, kwa sababu nilipanga kupitia kwenye vipimo wakati wa kurudi na sikumwamini mtu kubaki nao. Maziko yakasogezwa mbele siku moja kunisubiri. Baba alinisubiri mara mbili.

Sasa siku hiyo ya matanga watu wameshakula, mtani akatoka chumbani kwa baba na lile koti, anakohoa kama yeye, anaburuta mguu kama yeye. Watu wakaangua kicheko. Akaja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu kwetu hata mtu mzima unayetaka kumzaba kibao unamwamkia kwanza.

"Marahaba, mama." Sauti ilikuwa ya baba tupu. "Uzi umekauka?"

Nikakumbuka kwamba kwa maneno ya shangazi, huyu ndiye aliyekuwa akimshikia baba simu. Alisikia kila neno. Na mkononi alikuwa na kopo langu, kalitoa kwenye begi.

Akainua kile kibao watu wakione. "Sitaki hela ya kuukomboa. Nataka jibu. Kati yangu mimi na huu uzi, nani alikuwa hawezi kungoja?"

Wakacheka tena. Nikasimama.

"Vua koti la baba yangu! Mzee mzima huna haya! Haya, ukate basi! Ukate tuone!"

Kicheko kikakatika. Shangazi alinivuta gauni akininong'oneza kwa Kinyiramba nikae, nikamtoa mkono. Ningemrukia kweli.

Mzee alivua koti taratibu, akalikunja, akaliweka kwenye kiti nilichokuwa nimekalia. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Siwezi kuukata, mwanangu. Zile siku zote tulitaka kukupigia tena, tukuambie hali ni mbaya. Baba yako akakataa kabisa. Alisema ukishtuliwa katikati ya kazi, mkono utateleza, uzi utaharibika. Akaniambia nimtunzie simu, mtu asiiguse."

Akarudisha kibao ndani ya kopo, akafunga kifuniko, akanipa. Nililifungua nikaukagua uzi pale pale mbele ya wafiwa wote, kwa macho na kwa kidole. Ulikuwa mzima. Nilitamani sana angeukata, nipate mtu mwingine wa kumkasirikia.