Eudy, mrushaji anayelipwa ili apigwe

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye uwanja wa besiboli wa mji mdogo wa Nizao, na Eudy Marmolejos anasukuma peke yake wavu wa chuma hadi katikati. Anausimamisha mbele yake umkinge mwili, abaki na nafasi ya kupitisha mkono tu. Anavuta toroli la mipira, anatema mate pembeni, anaanza kazi.

Kazi yenyewe ni kupigwa. Anarusha mpira mwepesi, ulionyooka, usawa wa kitovu, na kijana aliyeshika gongo anautandika hadi kwenye migomba nyuma ya uzio. Anarusha mwingine. Nao unaishia migombani.

"Weita, huu umepoa," anafoka kijana mmoja kwenye foleni. "Lete wa moto."

"Wa moto utakung'oa meno," anajibu Eudy bila kugeuka. "Kula ulichopewa."

Foleni nzima inacheka. Wanamwita Weita kwa sababu kazi yake ni kuwaandalia. Naye hucheka nao, ila ukikaa karibu utaona hacheki kwa raha.

Mrushaji wa besiboli hulipwa ili mpigaji akose. Eudy, mwenye umri wa miaka 23, analipwa peso mia saba kwa siku, pamoja na sahani ya wali na maharage, ili mpigaji asikose. Vijana hawa wanasubiri siku ya kuonekana na wasaka vipaji wa klabu za Marekani, na siku hiyo mpira mmoja mbaya unaweza kumpotezea mtoto bahati ya ukoo mzima. Ndiyo maana Mwalimu Fausto Brazobán, mwenye kambi, hataki mrushaji mwingine.

"Eudy anajua kila mtoto anapenda mpira wapi," anasema Mwalimu Fausto. "Ni kama mama anayejua nani hali vitunguu."

Hakuanza hivyo. Alipokuwa na miaka kumi na sita mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha, lakini hakuna aliyejua unaelekea wapi, yeye mwenyewe akiwemo. Majirani walikuwa wakianua nguo akianza mazoezi. Cirilo Peguero, msaka vipaji wa klabu moja kubwa, alimsajili hivyo hivyo kwa dola elfu themanini. Mwalimu Fausto, aliyemlea kambini kwake, alikata theluthi yake, kama ilivyo desturi, na mama mzazi wa Eudy, Nereida, akaezua mabati na kumwaga zege. Juu ya zege waliacha nondo zimesimama.

"Ghorofa ingekuja na Ligi Kuu," anasema Mama Nereida. "Nondo sasa naanikia nguo."

Kwenye akademi ya klabu, hapa hapa nchini, Eudy alikaa miaka miwili akiwagonga wapigaji mbavu na, kwa kukosa shabaha, kuwapa bure kituo cha kwanza. Alikuwa chupuchupu kutimuliwa. Kisha kocha mmoja akambadilishia namna ya kukanyaga, na ghafla mpira ukaanza kumtii. Wakampeleka Marekani. Akapanda ngazi mbili za ligi ndogo kwa mpigo, akarusha maili tisini na saba kwa saa, akaanza kutajwa na watu wasiomjua.

"Mama alikuwa anasoma jina langu kwenye simu kila asubuhi, kama anasali," anakumbuka.

Halafu kano ya kiwiko ikakatika. Walimpasua, wakamtoa kano nyingine kwenye kifundo cha mkono na kuipandikiza pale. Alikaa mwaka na nusu bila kucheza, na aliporudi mambo yakamwendea mrama. Kasi ilikuwa imekwenda. Aprili moja, nje kukiwa na baridi, akaitwa ofisini.

"Mkalimani alikuwa anajifuta machozi," anasema. "Mimi nilishaelewa kwamba wananiacha kabla hajafungua mdomo."

Aliporudi nyumbani, kazi ya kupigwa aliichukua kwa sababu moja tu. Alitaka mkono usisahau. Wengi walimwonya kwamba kurusha mipira ya kupoa kila siku kunaharibu mrushaji, naye akaona wanamwonea wivu. Na kweli, baada ya mwaka mmoja kiwiko kikaacha kuuma. Alikuwa akijaribu peke yake kwenye ukuta wa ghala la vitunguu, na nguvu ilikuwa imerudi. Akamfuata Cirilo nyumbani kwake, akamwomba dakika kumi.

"Nitakupa, kwa heshima ya mama yako," Cirilo alimjibu. "Lakini ukinipotezea muda, usinisalimie tena."

Siku ikafika. Cirilo alikuja kumtazama Yordanny Lara, kijana wa miaka kumi na sita anayetegemewa kuliko wote kambini. Eudy alimwandalia kwanza, kama kawaida, na Yordanny akapiga kila kitu. Kisha wavu ukaondolewa. Eudy akapanda kwenye kilima cha warushaji, akavuta pumzi, akaachia mpira.

Kipimo cha kasi kilionyesha tisini na nne. Mwalimu Fausto alivua kofia yake, na Eudy anasema kwa sekunde chache pale aliona njia yote imefunguka tena.

"Yordanny, ingia umpige," Cirilo akaamuru.

Mpira wa kwanza ulitua migombani. Wa pili ukafuata huko huko. Ilikuwa mikali, lakini yote ilipita katikati, usawa wa kitovu, mahali hasa Yordanny anapopapenda.

"Mrushie ndani," Cirilo akasema. "Karibu na mbavu. Mtishe."

Eudy akajaribu. Mpira ukaenda katikati. Akajaribu tena, akalenga kabisa mwili wa kijana, na mpira ukaenda katikati.

"Niliuambia mkono umgonge," anasema, akiutazama. "Ukakataa. Ulishamzoea."

Hapo Yordanny akafanya jambo ambalo Eudy anasema lilimuumiza kuliko yote. Mpira mwingine ulipokuja, alizungusha gongo juu kabisa ya mpira, hewani, akakosa. Kila mtu aliona kwamba amekosa makusudi.

"Wewe kijana," Cirilo alifoka, "ukinichezea tena nakufuta hapa hapa."

"Piga," Eudy akamwambia kutoka kilimani. "Piga, mdogo wangu. Usijiharibie."

Yordanny akapiga. Wanasema mpira ule haujapatikana hadi leo.

Jioni ile ile dau la kumsajili Yordanny lilipanda, kwa sababu si kila siku mtoto wa miaka kumi na sita anaonekana akiitandika mipira ya maili tisini na nne. Dakika kumi za Eudy zilimnufaisha kijana aliyesimama mbele yake.

Cirilo alimfuata wakati anaokota mipira. Alikuwa amelainika.

"Mkono upo," alimwambia. "Ila unapigika, mwanangu. Sikudanganyi. Sasa sikiliza. Kule akademi wapigaji wetu wanahitaji mtu kama wewe. Mshahara wa mwezi, chakula, bima."

"Kurusha?" Eudy akauliza.

"Kurusha."

Wote wawili walijua ni kurusha gani. Eudy alipopeleka habari nyumbani, Mama Nereida aliuliza kama ni klabu ile ile. Akamwambia ni ile ile.

"Basi wamekurudisha," mama akasema, na akaenda kuwaambia majirani. Eudy hakuwa na moyo wa kumsahihisha.

Atakapoingia akademi hiyo wiki ijayo atalala chumba cha wafanyakazi, upande wa pili wa ukuta kutoka kwa wachezaji. Atavaa nembo ya klabu. Anajua pia kwamba kila mwezi atakaokaa nyuma ya wavu utauzoesha mkono zaidi, hadi usiweze tena kumkosesha mtu. Aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake naye alikuwa mrushaji mwenye jina.

Mwandishi wa makala haya anamuuliza anatumaini nini huko aendako. Eudy anajibu papo hapo, huku akifunga kamba ya kiatu.

"Vijana wapige vizuri."

Kisha anaacha kufunga.

"Sikutaka kusema hivyo," anasema. "Umeniuliza mimi, nami nimewajibia wao." Anainama kumalizia kufunga kiatu.