Damu ya Talaso Ilitoka Wapi?

ISIOLO, 1967 — Asubuhi Erot Ewoi anatikisa kigae cheupe taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Juu yake kuna matone ya damu na dawa. Tone likikatika kama maziwa yaliyolala, anajua mwenye damu ni A au B. Yote yakibaki laini, huyo ni O.

"Damu haina haraka," anasema. "Wenye haraka ni jamaa za mgonjwa."

Erot, Mturkana aliyekulia mjini hapa, ndiye mpima damu hospitalini. Damu ya akiba hakuna. Akiletwa majeruhi, na katika vita hivi vya shifta, waasi wa huku kaskazini, wanaletwa kweli, ndugu zake ndio hupimwa watoe.

Ndivyo alivyokutana na Kalicha, mfugaji Mborana. Lori lilikanyaga bomu njiani, na binti yake Talaso akaletwa mguu umechanika. Kalicha alikunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Lakini yeye ni A, mkewe Darmi ni B, mtoto ni O. Wa O hupokea ya O tu, hivyo kati yao hakuna aliyeweza kumpa.

"Nikamwambia tu, damu yako haimfai," Erot anakumbuka. "Mimi ni O, basi nikajilaza nikatoa yangu. Maskini, nilidhani nimetenda wema!"

Wema ukageuka balaa. Talaso alipona, lakini huko kijijini maneno yakazagaa: damu ya baba imemkataa mtoto, ya Mturkana, hasimu wetu wa mifugo, imemkubali. Kalicha akamwambia Darmi afunge mizigo arudi kwao. Kisha akaja hospitalini na fimbo yake.

"Salaam aleikum," alisema mlangoni, uso umekunjamana. "Daktari, huyu mtoto ni wako?"

"Wallahi niliogopa, ingawa mimi ni Mkristo," Erot anacheka sasa. "Lakini nilimwonea huruma zaidi yule mama. Kosa lake nini?"

Akamuuliza habari za mbuzi.

"Mzee, beberu mweupe na jike mweupe hawajawahi kukuzalia mweusi?"

"Mara nyingi."

"Na ukamfukuza mama yake?"

"Kwani nina wazimu? Weusi ulikuwa ndani yao. Ni wa babu zao."

Hapo Erot akapata njia. Akamweleza kwamba kila mtu hurithi mafungu mawili ya damu, moja la baba, moja la mama, ila A na B huifunika O. Kalicha anaweza kuwa na O chini ya A yake, na Darmi chini ya B yake. Mtoto akirithi hizo zilizofichika, moja kwa kila mzazi, anakuwa O.

"Kipimo hiki hakisemi baba ni nani," alimwambia waziwazi. "Lakini hakina la kumshtaki mkeo."

Kalicha aliinuka bila kumaliza chai aliyopewa. Aliona haya. Akarudi nyumbani, akafungua mizigo ya Darmi kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hizi Erot haanzi na sindano, anaanza na mbuzi. Barabara zikitulia, anataka kwenda vijiji vya Oldonyiro na Kipsing apime watu kabla hawajaumia. "Wajue mapema," anasema, "nyumba zisivunjike bure."

Juzi Kalicha alikuja tena, Talaso akichechemea pembeni yake.

"Mimi nikipigwa risasi, huyu ataweza kunipa?"

"Akishakua, ataweza. Wa O anaweza kumpa wa A."

Kalicha alimshika bintiye begani, machozi yakamlengalenga. "Na wewe?"

"Na mimi pia."

"Basi nina mtoto, na nina ndugu Mturkana," akasema. "Lakini wazee wetu tusiwaambie."