Ukanda wa Dhahabu Juu ya Nyumba ya Dada

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, dada yangu aliponipigia simu kutoka Kibondo. Hakunisalimia.

"Kaka, kuna wanaume sita shambani kwangu, wana sururu. Wanasema wewe ndiye uliyewaonyesha."

Nilikuwa Kasulu, katika chumba ninachofanyia kazi. Napiga picha za ardhi kwa namna ambayo mtu haitambui tena kuwa ardhi: mteremko ulioungua, udongo uliopasuka, kivuli cha wingu. Nikishaichapa picha kwenye karatasi nzito, napaka gundi sehemu niliyoichagua, nasubiri ianze kunata, kisha nalaza juu yake dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ni dhahabu halisi, naiagiza Dar es Salaam. Kazi hii nilijifunza peke yangu kwa miaka minne, na kila kosa nililiandika daftarini. Kosa la aina hii sikuwa nimewahi kuliwaza.

Miezi miwili nyuma nilikuwa nimepiga picha kilima kilicho nyuma ya nyumba ya dada. Moto wa kiangazi ulikiacha cheusi chote, isipokuwa ukanda mmoja wa nyasi. Niliigeuza picha ikasimama kwa ubavu, nikaufunika ukanda ule kwa dhahabu. Muuza vitambaa mmoja mjini Kibondo, mzee mwenye asili ya Tanga, aliitundika dukani kwake, na kila aliyeuliza alimjibu ukweli: "Dhahabu tupu hiyo, ndugu yangu."

Nilifika kwa dada saa nane mchana. Mihogo mistari minne ilikuwa imeng'olewa. Mashimo matatu yalifuata ukanda wa nyasi, mteremkoni juu ya jiko lake. Kiongozi wa wachimbaji, mtu wa makamo kama mimi, alijipangusa mikono kabla ya kunipa mkono.

"Karibu, fundi. Umefuata fungu lako?"

Nilimweleza hatua kwa hatua. Dhahabu haitoki kilimani, naibandika kwa mkono wangu. Ukanda ule ni nyasi.

"Nyasi!" aliwaambia wenzake, wakacheka. "Mtu mzima anunue dhahabu aibandike kwenye nyasi? Haya, na picha uliilaza ubavu kwa nini?"

"Ili watu wasikitambue kilima."

Neno hilo nilijisikia nikilisema, likawa limeshanitoka.

"Mmesikia? Wasikitambue! Sisi tumepinda shingo tu, mzee."

Kesho yake niliirudisha picha kutoka dukani, nikaikwangua kwa wembe mbele yao. Walitazama vumbi la njano likipeperuka. Kisha mmoja akasema, "Anafuta. Amejua tumekaribia." Kufikia Alhamisi walikuwa kumi na saba.

Dada alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuja, akasema shamba ni la mama huyu na hakuna ruhusa ya kuchimba, kisha akainama akachungulia shimo refu kuliko yote na kuuliza walikuwa wamefika futi ngapi. Hakurudi tena.

Alhamisi hiyohiyo niliona ufa katika ardhi, kati ya mashimo na jiko. Niliupima: upana wa kidole kimoja. Jumamosi ulikuwa vidole vitatu, na mawingu yalikuwa yamelala upande wa Nduta, mvua inakotokea. Nilimpeleka kiongozi akauone. Aliupima kwa kidole chake mwenyewe, taratibu.

"Unatutisha ili tukuachie," akasema.

Jioni dada alinipa chai, akakaa mbele yangu.

"Kaka, umeeleza vya kutosha. Kila ukieleza wanaongezeka. Mvua ikinyesha nyumba hii inaondoka, nikiwemo nisiwemo. Mimi nawauzia."

"Watafukiwa."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Basi naomba kitu kimoja. Usiseme tena."

Jumatatu tulikaa ofisini kwa mwenyekiti: dada, kiongozi na wenzake wawili, na mimi kama shahidi. Vitu vya dada vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari la kwenda Kasulu. Karatasi ya mauzo ya shamba ilipofika kwangu, kiongozi aliifunika kwa kiganja.

"Fundi. Mbele ya mashahidi. Mara ya mwisho: kilimani kuna kitu, au hakuna?"

Dada hakuniangalia. Alikuwa akitazama miguu yake, viatu vyekundu kwa udongo wa shamba alilolilima miaka kumi na tisa.

"Nilishasema," nikajibu.

Alitabasamu kama mtu aliyepewa alichokuwa anakingoja, akaondoa kiganja. Nikatia sahihi. Walikuwa na haraka ya kurudi mashimoni, kwa sababu matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati, na kiongozi alitaka shimo la kati lipate futi mbili zaidi kabla mvua haijakolea. Mwenyekiti alizihesabu fedha mara mbili, akamsogezea dada: shilingi milioni tatu na laki saba.