Neno Lililokuja na Mtihani

Hapana mwanangu, halikutoka kwa Waarabu, wala kwa Watumbatu. Hilo "kufeli" tumeletewa na Mzungu, limekuja pamoja na skuli na mtihani wake. Najua hujaniuliza bado. Lakini tangu urudi kutoka chuoni Tunguu na hayo majibu yako ya mtihani umejifunika kanga gubigubi, "Bibi, mie nshafeli," kwa sauti ya paka aliyeroa. Basi nakujibu hata usichouliza.

Nakumbuka siku moja, mie msichana bado sijaolewa, palikuwa na harusi Mtoni. Mpishi wetu, Bi Mwanakhamis, kaamka na homa, nkaambiwa pilau nisimamie mie. Shughuli nzima! Nikiharibu, hakuna atakayeniita tena uani kwake, na mie skuli sina, nna mikono tu. Nkapika. Chini likashika kidogo, moshi ukanukia, lakini nkapakua la juu, watu wakala.

Mara huyooo Hamadi, karani, ndo kwanza kajifunza Kiingereza. Kaja uani kwa wapishi na shati lake jeupe. Maneno yanamtoka nusunusu, tukadhani ndo Kiingereza chenyewe hicho. Kaninyooshea kidole: "Huyu kafeli!"

Hatujapata kulisikia. Mama akauliza kwa adabu, "Ndo kafanyaje, baba?"

"Skuli, ukikosa, mwalimu anakwandikia hivyo. Maana yake hufai."

Wee! Wanawake wakalidaka. "Kafeli, masikini! Kafeli, mtoto wa watu!" Utasema nna ndui. Mama kajifunika uso. Mie natamani ardhi ipasuke niingie na mwiko wangu.

Sasa nisikilize, kabla sijamaliza. Siku hizi kila kitu chafeli: breki, simu, hata mapenzi. Hewala, na vifeli. Lakini kwao Wazungu neno hilo ni la kwenye karatasi. Mwalimu kaandika kwenye karatasi, hakukwandika weye kwenye paji la uso. Karatasi ikiharibika, mtu anakwenda kufanya nyengine. Usilifanye jina lako ukawa unaitikia. Kesho oga, vaa, rudi Tunguu, kaulize mtihani wa marudio lini. Mungu akufungulie, akupe kifua kipana, na waliokucheka waje kula karamu yako.

Unanitazama? Hebu nambie, Mjini hapa harusi gani ya maana imepikwa nami sipo? Mbweni wananifuata na gari, mlango wa mbele! "Bi mkubwa, karibu, tunakungoja weye tu!" Nami nashuka taratibu, makusudi, wanione.

Aa, siku ile ilikwishaje? Mamaake Hamadi alikuwa pale pale, kakaa kwenye kibao anasugua masufuria. Hakuinua hata macho.

"Hamadi," kasema, "tema kwanza hiyo nyama ya pilau lake, ndo utwambie nani kafeli."