Mwenzangu wa Matombo

Asubuhi mume wangu alipokuwa akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, nilimshika mkono nikamwuliza kama anaogopa. Akatabasamu.

"Niogope nini? Nikifa, mwenzangu yupo, ananisubiri."

Mwenzangu. Alikuwa akimsema mke wake wa kwanza, aliyefariki miaka mitatu kabla hatujaoana. Na mimi niliyeishi naye miaka kumi na minne pale Kilakala, niliyeshinda kwenye benchi la wodi siku nne nikimlisha uji, nilikuwa nani? Manesi walipokuja kumchukua niliuachia mkono wake upesi kuliko ilivyonipasa, na hadi leo naona haya.

Yule mwanamke sikuwahi kumwona ila kwenye picha ya sebuleni, ambayo nilikuwa naifuta vumbi mwenyewe bila kinyongo. Nilidhani wivu ni wa walio hai. Kumbe mimi kila siku nanenepa, nanuna, naunguza maharage, na yeye aliyelala hana kosa jipya tena.

Upasuaji ulikwenda salama, nikamrudisha nyumbani. Lakini kila nikimchemshia maji ya kuoga nilijiuliza itakuwaje siku akifa kweli. Atakwenda moja kwa moja kwa yule? Na mimi nikifika, nitawakuta wamekaa wawili, nikaribishwe kama mgeni? Padri amewahi kutusomea kwamba mbinguni hakuna kuoa wala kuolewa. Zamani maneno hayo yalinisikitisha. Wiki ile niliyarudia moyoni kwa furaha mbaya.

Jumamosi nilimuaga kwamba nafuata ndizi, nikapanda gari la Matombo, kwao yule mwanamke. Nilikwenda makaburi ya misheni, nikaliona kaburi lake, na kando yake nafasi ya mtu mmoja iliyozungushiwa mawe. Nilikuwa nimekwenda kumwambia nini marehemu, sijui. Nilimkuta bibi mmoja ameinama anafagia majani, na kwa sura nikajua ni mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeolewa na mkwe wangu? Nilisikia amepasuliwa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Ila anasema hata akifa hana hofu, atamkuta mwanao."

Nilitegemea afurahi, na nilikuwa tayari kumchukia kwa furaha hiyo. Akaacha kufagia.

"Amkute yeye kwanza?" aliuliza kwa ukali. "Nani alimzaa? Mimi kila siku namwomba Mungu aniite nikamwone mwanangu, halafu yeye, kijana tu, ndiye anataka kunitangulia?"

Machozi yakamtoka. Nilikaa chini karibu naye. Mama yule alikuwa na wivu kunizidi, tena wenye haki. Baadaye alinipeleka kwake, akanikatia mkungu wa ndizi.

"Mwambie mkwe aache haraka," alisema.

Jioni nilimweleza mume wangu nilikokwenda. Hakukasirika. Nikapakua chakula, kisha nikamwuliza, "Na mimi nikifa, atanisubiri nani?"

Alishusha kijiko. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

"Sijawahi kufikiri," alisema. "Nikiwaza kifo, nakuona wewe ukinizika. Haijawahi kunijia kwamba na wewe utakufa."

Nilikwenda jikoni nikalia, bila kujua kama nimependwa au nimesahauliwa.

Tangu siku hiyo amebadilika. Nikikohoa, anauliza nimeanza lini. Nikichelewa sokoni, namkuta amesimama mlangoni, na kidonda chake hakijapona sawasawa. Kuhusu huko tuendako, bado sijui nitakaa wapi wala na nani. Ila hofu ile iliyo machoni pake ni yangu peke yangu, na sitaki kugawana na yule wa Matombo hata chembe.